Ajali ya Dukani Ina Kinga

Ajali haina kinga, ndivyo wasemavyo watu. Usemi huo ni wa faraja. Hutamkwa penye msiba ili kuwatuliza waliofikwa, na mahali pake hapo una maana njema. Lakini usemi wa faraja ukigeuzwa kuwa kanuni ya kuendeshea kazi huwa kichaka cha wazembe. Mwajiri aliyeyaacha mafuta yakitapakaa sakafuni tangu asubuhi, kisha jioni akamwambia mfanyakazi wake aliyevunjika mkono kwamba ajali haina kinga, hamfariji mtu huyo. Anajitetea.

Hapana mahali ambapo utetezi wa namna hiyo umezoeleka kama madukani. Mathalani, kijana wa duka ameagizwa kushusha boksi la sabuni lililopangwa karibu na dari. Ngazi hakuna. Kijana anasimamisha makreti mawili ya soda, anaweka kigoda juu yake, anapanda. Wateja watatu wanangoja, na mwenye duka anamhimiza afanye haraka. Boksi ni zito kuliko alivyodhani. Analivuta kwa mikono miwili, kigoda kinacheza, naye anaporomoka hadi sakafuni pamoja na mzigo wake. Nyonga imevunjika. Anapewa pole, anapewa fedha za panadoli, na baada ya wiki mbili anapewa nauli ya kurudi kwao kijijini. Juma linalofuata kijana mwingine amesimama juu ya makreti yale yale.

Mfano huo si wa ajabu, na kila mtumishi wa umma au mwalimu aliyewahi kusimama mbele ya kaunta ya duka ameushuhudia mwanzo wake, hata kama hakuushuhudia mwisho wake. Swali linalopasa kuulizwa ni hili: ajali ile ilianza lini? Haikuanza kigoda kilipocheza. Ilianza siku rafu zilipojengwa hadi darini bila kununuliwa ngazi. Iliendelea siku ilipoamuliwa kwamba bidhaa nzito zikae juu na nyepesi zikae chini. Ikakomaa kila mara kijana alipopanda makreti akashuka salama, na mwenye duka akahesabu usalama ule kuwa ni ushahidi kwamba makreti yanatosha. Kigoda kilipocheza, ajali ilikuwa imekwisha kutengenezwa kwa miezi mingi. Ilikuwa ikingoja siku yake tu.

Hatari isiyo na kelele

Mawazo ya wengi kuhusu hatari za kazini huelekea migodini, viwandani na kwenye majengo yanayojengwa. Huko kuna mashine zinazonguruma, baruti, vyuma na vumbi. Duka huonekana kuwa mahali pa amani: kuna kivuli, kuna kaunta, na mfanyakazi hana kazi nzito ila kupokea fedha na kutoa bidhaa. Fikra hiyo ndiyo inayoifanya hatari ya dukani iachwe bila mlinzi, kwa kuwa hatari isiyo na kelele haimshtui mtu mpaka imemwangusha.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hesabu hiyo inajumuisha maanguko yote, ya nyumbani, njiani na kazini. Lakini inatosha kuonyesha kwamba kuanguka si jambo la kuchekwa. Nalo Shirika la Kazi Duniani, katika makadirio yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kutokana na ajali na magonjwa ya kazi, na kwamba wengine milioni 395 hupata majeraha kazini wasife. Katika hao wanaobaki hai wamo wengi ambao mkono haukunyooka tena, au mgongo haukuweza tena kubeba hata ndoo ya maji.

Hata sheria yenyewe ilichelewa kuingia dukani. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyotungwa na Serikali ya kikoloni na kuendelea kutumika miaka mingi baada ya Uhuru, macho yake yalikuwa kwenye kiwanda na mashine zake. Mwuza duka hakuwa ndani ya fikra yake. Ilikuwa ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, iliyoifuta ile ya zamani na kuupanua ulinzi huo ufike mahali pengine pa kazi, likiwamo duka. Utekelezaji wake ukawekwa mikononi mwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Zanzibar nayo ikatunga sheria yake, Na. 8 ya mwaka 2005. Na mwezi Juni mwaka 2022 Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani, uliofanyika Geneva, uliamua kwamba mazingira salama na yenye afya ya kufanyia kazi yahesabiwe miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na haki ya kutotumikishwa kwa nguvu.

Kwa hiyo kijana anayepanda makreti hakosi sheria ya kumlinda. Anachokosa ni mtu wa kuileta sheria hiyo mahali alipo.

Namna watu wanavyoanguka

Ili kinga ipatikane, hapana budi kwanza ijulikane namna watu wanavyoanguka. Maanguko ya dukani ni ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni ya kuteleza. Duka linalouza mafuta ya kupima huwa na matone chini ya pipa. Punje za mchele na maharage zinazomwagika wakati wa kupima hugeuka kuwa magurudumu chini ya kiatu. Wakati wa masika, kila mteja huingia na maji ya mvua katika nyayo zake, na mlangoni hakuna hata gunia la kufutia miguu. Zamani sakafu nyingi za maduka zilikuwa za saruji iliyokwaruza. Siku hizi wenye maduka hupenda marumaru zinazong'aa, ambazo ni nzuri machoni lakini zikilowa huwa kama barafu. Juu ya hayo, mfanyakazi aghalabu amevaa kandambili iliyokwisha soli. Anayeteleza huweka mkono mbele ili kujikinga, na mkono huo ndio unaovunjika kwenye kifundo.

Aina ya pili ni ya kujikwaa. Njia kati ya rafu ni nyembamba, na nusu yake imezibwa na maboksi ambayo yangepaswa kuwa stoo. Mfanyakazi amekumbatia katoni linalomfika kidevuni. Haoni miguu yake wala kilicho mbele ya miguu yake. Kizingiti cha stoo kimeinuka kidogo, ukingo wa zulia umejikunja, au waya wa friji umevuka njia. Umeme ukikatika saa mbili za usiku, njia ile ile aliyoizoea mchana inakuwa mtego.

Aina ya tatu, nayo ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, ni ya kuanguka kutoka juu. Hapa yapo makreti, vigoda, marobota, magunia ya sukari ya kilo 50 yaliyopangwa kama kilima, na ngazi za mbao zilizopungua vipandio. Zipo pia dari za kuhifadhia mali zilizojengwa nusu ya duka, ambazo mtu huzipanda kwa ngazi iliyosimama wima kama mnazi, na huko juu hakuna hata ubao mmoja wa kumzuia asirudi nyuma akatumbukia. Kuanguka kwa kimo kisichozidi kimo cha mtu kunatosha kuupasua fuvu au kuujeruhi uti wa mgongo, hasa kichwa kikitangulia.

Kinga ya maanguko hayo haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Kilichomwagika kifutwe mara kimwagikapo, wala kisingoje wakati wa kupiga deki jioni. Sakafu ikipigwa deki, wateja na wafanyakazi waonywe hadi ikauke. Mlangoni pawekwe kitu cha kukaushia nyayo. Njia ziachwe wazi. Bidhaa nzito zikae baina ya goti na kifua, nyepesi zikae juu. Taa iwepo, na ya akiba iwepo. Ngazi inunuliwe, ikaguliwe, na iliyovunjika ichomwe moto badala ya kufungwa kamba. Ngazi ya kuegemeza isimamishwe kwa kanuni inayojulikana duniani kote: kwa kila mita 4 za kimo ambapo ngazi inagusa ukuta, miguu yake iwe mita 1 kutoka ukutani. Anayepanda awe na mkono mmoja wa kushikia, na mwenzake apokee mzigo kutoka chini. Mtu akianguka kutoka juu akalalamika shingo au mgongo, asinyanyuliwe kwa pupa na kuketishwa juu ya kiti; aachwe amelala bila kutikiswa mpaka apatikane mtu ajuaye kumbeba, kwa maana mikono ya huruma isiyo na ujuzi imewahi kumaliza kilichoanzwa na ajali.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Katika usalama wa kazi, usemi huo una mafunzo makubwa. Mfanyakazi aliyeteleza asubuhi akajishika kwenye kaunta hakuanguka, ni kweli. Lakini amekwisha kuleta taarifa. Duka linaloendeshwa kwa akili huipokea taarifa hiyo, hutafuta alipotelezea, hupafuta. Duka linaloendeshwa kwa mazoea hucheka, na alasiri mtu mwingine huanguka mahali pale pale.

Mwajiri ni nani?

Ni rahisi kuyasoma maneno haya na kudhani yanawahusu wafanyabiashara wakubwa peke yao. Ukweli ni mwingine. Wenye maduka mengi madogo ya mijini na ya makao makuu ya wilaya ni watu wenye mishahara ya Serikali au wastaafu wake: mwalimu aliyefungua duka la vifaa vya shule mbele ya nyumba yake, muuguzi aliyefungua duka la vyakula, karani mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake katika duka la vifaa vya ujenzi. Wao hawakai dukani. Dukani anakaa kijana aliyeletwa kutoka kijijini, mara nyingi mtoto wa ndugu au wa jirani, ambaye mkataba wake ni maneno ya mdomo na mshahara wake ni kile kilichobaki.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko iliyowazuia viongozi wa Chama na watumishi wa Serikali wa ngazi za kati na za juu wasijiingize katika njia za kibepari za kujipatia mali. Miiko hiyo ililegezwa na Halmashauri Kuu ya Chama Cha Mapinduzi katika kikao chake cha Zanzibar cha mwaka 1991, na tangu hapo mtumishi kumiliki duka hakukuwa jambo la kuficha. Uamuzi ule ulitoa ruhusa ya kumiliki mali. Haukutoa ruhusa ya kumtumia mtu na kumtupa. Mtu alipopata haki ya kuwa mwenye duka, alipata papo hapo wajibu wa kuwa mwajiri, na wajibu huo haupungui kwa sababu aliyeajiriwa ni mpwa wake anayemwita mjomba.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Undugu, ambao ungepaswa kuwa ulinzi zaidi wa kijana huyo, umegeuzwa kuwa sababu ya kumnyima hata ulinzi wa kawaida. Kwa kuwa ni ndugu, haandikiwi mkataba. Kwa kuwa ni ndugu, haandikishwi popote. Kwa kuwa ni ndugu, akivunjika hupelekwa kwa bibi yake kijijini akauguzwe kwa majani, na anayemuuguza ni mkulima asiyekuwa na sehemu yoyote katika faida ya duka. Faida imebaki mjini, gharama imepelekwa shamba. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kiburi na dharau ya viongozi kwa watu wanaowaongoza. Kemeo hilo lina kazi leo pia, nyuma ya kaunta.

Mwalimu ambaye asubuhi anafundisha uraia na haki za binadamu darasani, kisha jioni akapita dukani kwake kuchukua mauzo bila kuuliza kijana wake anapandia nini, amefundisha nusu ya somo. Afisa anayedai posho yake ya matibabu kwa kufuata kanuni za utumishi, kisha akaona si lazima mfanyakazi wake awe na kinga yoyote, ameigawa haki katika mafungu mawili: moja la mwenye elimu, jingine la asiye na sauti.

Fidia si sadaka

Wapo watakaosema kwamba mwenye duka mdogo hana uwezo wa kubeba gharama za mtu aliyevunjika. Jambo hilo lilikuwa na uzito zamani, wakati fidia ilipotegemea mfuko wa mwajiri mwenyewe na viwango vilivyopitwa na wakati. Lakini mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi mwaka 2015. Sheria hiyo inamhusu kila mwajiri wa Tanzania Bara, wa Serikali na wa binafsi, awe na wafanyakazi elfu moja au awe na mmoja. Mchango hutolewa na mwajiri peke yake. Hairuhusiwi kuukata katika mshahara wa mfanyakazi. Kwa sekta binafsi mchango huo ulianza kwa asilimia 1 ya mshahara, ukapunguzwa mwaka 2021 hadi asilimia 0.6, na mwaka 2022 hadi asilimia 0.5.

Hesabu hiyo yafaa ifanywe wazi. Kwa kijana anayelipwa shilingi 200,000 kwa mwezi, asilimia 0.5 ni shilingi 1,000. Kwa mwaka mzima ni shilingi 12,000. Fedha hizo hupotea katika duka lolote kwa panya na kwa makosa ya chenji bila mwenye duka kukosa usingizi. Kwa kiasi hicho, mfanyakazi akiumia anaweza kupata matibabu, malipo ya kipindi anachoshindwa kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa kudumu, utengemao, na endapo atafariki, msaada wa mazishi na malipo kwa wategemezi wake. Wala hahitaji kwanza kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Msingi wa madai yake ni kwamba aliumia kutokana na kazi na akiwa kazini.

Fidia ya namna hiyo si sadaka. Sadaka humtaka apokeaye ainamishe kichwa. Fidia humwacha amesimama. Anayepewa nauli ya kurudi kijijini hana la kudai kesho. Aliyeandikishwa ana haki yake kwa jina lake. Na mwajiri aliyemwandikisha naye amejikinga, maana hatalazimika kuuza mali ya duka ili kumtibu mtu mmoja.

Visingizio viwili

Kisingizio cha kwanza ni uzembe wa mfanyakazi. Husemwa kwamba vijana wa siku hizi hawana uangalifu, wanapandapanda kama tumbili, na kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ni kweli wapo wafanyakazi wasiokuwa waangalifu, na mfanyakazi naye ana wajibu wa kisheria wa kujilinda na kuwalinda wenzake. Lakini kabla ya kumhukumu aliyepanda makreti, lazima iulizwe kama alikuwa na kitu kingine cha kupandia. Kabla ya kumlaumu aliyekimbia, lazima iulizwe ni nani aliyemwambia akimbie. Mtu hawezi kuitwa mzembe kwa kutotumia ngazi ambayo haikununuliwa.

Kisingizio cha pili ni gharama. Nusu ya hatua zilizotajwa hapo juu hazigharimu hata senti moja: kushusha mizigo mizito chini, kuacha njia wazi, kufuta kilichomwagika. Nusu nyingine hugharimu kidogo kuliko siku chache za kufunga duka kwa ajili ya kumpeleka mtu hospitali. Anayesema hana fedha za ngazi, ilhali rafu zake zimejaa hadi darini, amechagua mahali pa kuweka fedha zake. Uchaguzi huo ni haki yake mpaka unapogusa mifupa ya mtu mwingine.

Wajibu wa watumishi na walimu

Nini basi kifanyike? Kwanza, watumishi wa Serikali za Mitaa waanze kuliona duka kwa macho mapana zaidi. Afisa biashara hufika dukani kuangalia leseni. Afisa afya hufika kuangalia usafi na tarehe za bidhaa. Wakaguzi wa OSHA hawawezi kuwa katika kila mtaa kila siku. Hapana sheria inayomzuia afisa aliyekwisha kuingia dukani kuinua macho juu ya rafu na kuuliza: hizi zinashushwa kwa nini? Hapana kinachomzuia kuuliza kama wafanyakazi wameandikishwa, na kupeleka taarifa panapohusika. Wenye maduka wamelalamika mara nyingi juu ya wingi wa wakaguzi na tozo, na malalamiko hayo yana haki yake. Kwa hiyo lengo lisiwe kuongeza msururu wa wageni wenye vitabu vya faini. Lengo liwe kumfanya kila anayefika aache elimu nyuma yake, na faini ibaki kwa mkaidi.

Pili, idara za Serikali na shule zianze kwao. Bohari za halmashauri, stoo za shule, maduka ya vyama vya akiba na ushirika vya walimu, kantini za wizara, vyote hivyo vina rafu, vina ngazi na vina sakafu. Ni aibu afisa kutoka ofisini kwenda kumfundisha mwenye duka la mtaani, wakati mtunza bohari wake mwenyewe anapanda juu ya meza iliyovunjika mguu ili kufikia katoni za karatasi. Sheria inataka wawepo wawakilishi wa usalama na afya pale idadi ya wafanyakazi inapofikia kiwango kilichowekwa. Wawakilishi hao wasiwe majina ya kupamba majalada. Wawe watu wanaosikilizwa.

Tatu, walimu wanayo nafasi ambayo hapana mkaguzi aliye nayo. Vijana wanaomaliza shule na kukosa nafasi za masomo ya juu huenda kuuza maduka kwa maelfu. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi. Basi na aandaliwe. Somo la msuguano katika Fizikia liwe pia somo la sakafu yenye mafuta. Swali la ngazi iliyoegemezwa ukutani, ambalo wanafunzi hulikokotoa katika mitihani, lifundishwe kwa ngazi ya kweli nje ya darasa, ili mwanafunzi ajue kwamba jibu lake linaweza kuwa uhai wake. Na katika Uraia afundishwe kwamba kuomba ngazi si utovu wa adabu.

Nne, wafanyakazi wenyewe na vyama vyao wasingoje. TUICO, chama kinachowahusu wafanyakazi wa viwanda na biashara, kina kazi ngumu ya kuwafikia watu waliotawanyika mmoja mmoja katika maelfu ya maduka. Kiwanda chenye watu mia tano hupata tawi kwa mkutano mmoja. Maduka mia tano yenye mtu mmoja mmoja hayapati. Lakini vijana hao hao hukutana magengeni, viwanjani na misikitini na makanisani. Matawi ya Chama ya mitaani nayo yanawajua kwa majina. Panapo nia, watafikiwa. Tarehe 28 Aprili ya kila mwaka, ambayo ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, na Mei Mosi inayoifuata baada ya siku tatu tu, zisiwe za wafanyakazi wenye fulana na mabango peke yao. Kijana wa duka naye ana nafasi katika maandamano hayo, ingawa siku hiyo aghalabu ndiye anayewauzia waandamanaji maji.

Jambo hili ni dogo kwa namna moja na kubwa kwa namna nyingine. Ni dogo kwa sababu dawa yake ni ngazi, dekio, taa na fomu ya kuandikisha mfanyakazi. Ni kubwa kwa sababu linapima kama usawa wa binadamu, unaohubiriwa majukwaani, unafika hadi kwenye chumba kimoja chenye kaunta, ambako mwenye nguvu ni mmoja, mnyonge ni mmoja, na hapana shahidi.

Kila mtumishi na kila mwalimu mwenye duka anaweza kuanza jioni hii hii. Aingie dukani kwake, asiulize kwanza mauzo. Ainue macho aone mizigo ilivyopangwa, ainamishe macho aone sakafu ilivyo, kisha amwulize kijana wake: unapandia nini? Jibu likiwa ni makreti, basi ajali imekwisha kuanza, na kinga yake i mikononi mwa huyo aliyeuliza.